Treni Zilizosubiri Mackinnon Road

Habari ya kifo cha Mutua ilinifikia kutoka Denmark. Mdogo wake wa kike, anayeishi katika mji mdogo wa Mackinnon Road, hakuwa na namba yangu. Alichokipata katika simu ya marehemu ni anwani ya mzee mmoja aitwaye Henning, akamwandikia, na Henning ndiye aliyenipigia mimi niliye Ukunda, mwendo wa saa chache kwa gari kutoka kaburini, kuniambia kwa sauti yake iliyochoka kwamba rafiki yangu ameshazikwa. Jumapili iliyofuata tulikutana wanachama wa zamani, kila mtu ndani ya kijidirisha chake kwenye kioo cha kompyuta, mvi juu ya mvi. Wengi wao sijapata kuwaona ana kwa ana hata leo. Tulijuana miaka ya tisini, kwa barua pepe, katika jumuiya ya watu wanaotengeneza treni za mfano. Kila mmoja alikuwa amejenga stesheni ndogo mezani kwake, na kwa makubaliano stesheni hizo zote, iwe ya Kanada, ya Wales au ya kwetu, zilihesabiwa kuwa ziko kwenye reli moja. Treni ikitoka kwako ilikwenda kwa jirani yako katika orodha, lakini haikuondoka hivi hivi. Ulimwandikia kwanza: Je, njia i wazi? Naye alikwenda kutazama reli zake, akaona kama ipo iliyo tupu, ndipo akajibu: Njia i wazi. Hapo uliiondoa treni kwako, na yeye akaweka kwake treni ya kufanana nayo, akaandika kwamba imepokelewa salama. Ilikuwepo pia kanuni moja ambayo mwanzoni hakuna aliyeitilia maanani: stesheni haifungwi wakati ndani yake imesimama treni.

Katika mazungumzo yale ya Jumapili walicheka sana, kama watu wanavyocheka matangani baada ya chakula. Mmoja alikumbuka visingizio vya Henning, mwingine akakumbuka behewa la samaki lililotumwa kutoka Kanada, na mama mmoja wa Wales akasema hakuna mwaka ambao jumuiya yetu ilipendana kama ule wa treni za Mackinnon Road. Kisha Henning akavua miwani, akasema, "Baba yake alitaka kumwondoa, na sisi tukamshikilia. Msimu mzima tulimshikilia." Sikumsahihisha. Mzee wa umri wake, akiwa na msiba, hakatizwi. Lakini kioo kilipozimika nilibaki nimekikabili kwa muda mrefu, kwa sababu mambo hayakuwa hivyo, na aliyebaki wa kuyaeleza yalivyokuwa ni mimi.

Mwaka ulikuwa 1998. Mimi na Mutua tulikuwa tumemaliza kidato cha nne katika shule moja, tumepata alama za kutupeleka chuo kikuu, na kama wenzetu wote wa zama hizo tulikuwa tunangoja. Kungoja kwenyewe kulikuwa kazi: vyuo vilijaa, ukiitwa leo utaingia baada ya mwaka na zaidi, na katikati hapo ulikuwa si mwanafunzi wala si mtu mzima. Mimi nilipata kibarua kwa Bi Mwanaisha, aliyekuwa na ofisi ya kupiga chapa na kutoa nakala pale Ukunda, karibu na njia panda ya kuendea Diani. Kilikuwa chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia. Mbele ya pazia ilikuwepo mashine ya nakala, yenye joto kama tanuri la mikate, na benchi la wateja. Nyuma yake ilikuwepo kompyuta, simu, na kile kisanduku kilicholia na kukoroma kila kilipotafuta mtandao. Wateja wetu wakubwa walikuwa mahoteli. Lakini baada ya ghasia za mwaka uliotangulia, za kuwafukuza watu wa bara, watalii walikuwa wamekatika, mahoteli mengine yalikuwa yamefunga milango, na Bi Mwanaisha alikaa akijipepea kwa bahasha tupu, akiniambia nizime taa kwani mchana haujaisha.

Mutua alikuwa akipita kwa baiskeli na makapu mawili ya mboga kutoka shamba la baba yake, kule kwenye ardhi ya makazi waliyopewa watu wa bara, nyuma ya barabara ya Msambweni. Alizipeleka jikoni mwa hoteli, akarudi na nusu yake, akaegemeza baiskeli kwenye nguzo yetu na kutugawia mapapai yaliyokataliwa. Siku moja alimkuta Henning amekaa kwenye benchi. Simu ya hoteli ilikuwa mbovu, na Henning, ambaye nadhani alikuwa mgeni pekee katika hoteli ile nzima, alikuja kwetu kusoma barua zake. Nilikuwa nimemchapia, naye alikuwa akizisoma huku akitabasamu peke yake. Mutua, ambaye haya hakuumbiwa, alimuuliza habari njema ni ipi. Henning akatueleza mambo ya treni, ya stesheni za mezani, ya kuulizana njia. Akamaliza kwa kumuuliza Mutua, kwa mzaha, kama yeye ana stesheni. Mutua akajibu bila kupepesa macho kwamba anayo, inaitwa Mackinnon Road, na huyu mwenzake hapa ni mkuu wa stesheni ya Samburu, kwenye reli hiyo hiyo. Henning akachukua kalamu kutuandikisha. Alipokwisha kutoka, nilimuuliza Mutua kama anafahamu alichokisema. "Nafahamu," akasema. "Sasa twende tukaijenge kabla hajafika kwao."

Tuliijenga katika chumba cha nyuma nyumbani kwao, chumba cha kuwekea mahindi. Mackinnon Road aliijua kwa sababu kila likizo ya Disemba alipelekwa huko kwa mjomba wake, mwenye hoteli ya chai kando ya barabara kuu, ambako madereva wa malori walisimama kula. Alijua paa la stesheni lilivyoinama, na tangi la maji, na mahali mbuzi walipolala reli ikipoa. Mimi Samburu nilikuwa nimepita tu. Nilijenga kwa kumuuliza. Tulitumia mbao za makasha, spoki za baiskeli kuwa reli, njiti za kiberiti kuwa mataruma, maboksi ya biskuti kuwa nyumba. Injini aliichonga kwa mti wa mkorosho na kuitia mota ya redio kaseti iliyokufa na betri za tochi, ikawa inakwenda kwa kusitasita kama mtu aliyesahau kitu nyumbani. Samburu ilikuwa mwisho wa meza upande wa mlango, Mackinnon Road upande wa dirisha. Harufu ya chumba kile ninaikumbuka kuliko nyumba nyingi nilizokaa baadaye: mahindi makavu, gundi ya unga, na moshi wa kuni uliopenya juu ya ukuta kutoka jikoni.

Na jikoni alikuwepo Mama Mutua. Nilipofika nilimwamkia shikamoo, naye aliitikia marahaba kwa kuivuta, kisha akaniuliza kama nyumbani kwetu wananilisha au wananitazama tu. Alipika muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, na chungu hakikuteremshwa bila sahani yangu kupakuliwa. Mwaka huo ulianza na Ramadhani. Alinifunikia sehemu yangu kwa kawa, akaketi nayo mlangoni hadi adhana, na wakati mwingine akamzuia Mutua naye kula mpaka nitakapofuturu, jambo ambalo Mutua alilalamikia kwa kusema kwamba anafungishwa saumu ya dini ya wenyewe. Mzee Kioko, baba yake, alikuwa mtu wa maneno machache na utani mkavu. Akiingia kuchukua mahindi alisimama kututazama. "Wewe Mdigo," aliniambia, "hiyo treni yako ikila mahindi yangu hata debe moja, nitamkamata mkuu wa stesheni." Nikamjibu kwamba treni yangu ni ya abiria. Akasema abiria ndio walao zaidi.

Nimeeleza vicheko hivi kwa sababu vilikuwepo, na kwa sababu ndivyo vinavyokumbukwa. Lakini chumba kile kilikuwa na ukuta wa udongo, na upande wa pili wa ukuta watu walikuwa wakizungumza. Mwanzoni sikusikiliza. Baadaye, mvua kubwa zilipoisha na mahindi mapya yakaanza kutoa mbelewele, mazungumzo yalikuwa yale yale kila nilipokwenda. Jirani mmoja ameuza. Mwingine ameamka akakuta karatasi ya vitisho mlangoni. Mwingine ameondoka na hata kuku hakuwachukua. Mzee Kioko alisema kwamba mboga hazinunuliwi na usingizi haulaliki, sasa wanangoja nini. Mama Mutua alimuuliza waende wapi. Akamjibu, kwa shemeji, Mackinnon Road. Akamwambia huko hakuna mvua. Akajibu kwamba hakuna mvua lakini hakuna anayemuuliza mtu amekuja lini. Halafu nikamsikia Mama Mutua akisema kwa sauti ya chini, maneno ambayo yamenikaa, "Huyu mtoto kazaliwa hospitali ya Msambweni. Unasema twende kwetu. Kwao yeye ni wapi?" Mutua alikuwa mbele yangu akipaka gundi paa la stesheni, akapaka mahali palepale mara nyingi. Ofisini nako, kwenye kibaraza cha Bi Mwanaisha, walikaa watu wa kwetu waliosema mambo ya upande wa pili, bila ya kufichana, kwa kuwa mimi ni mwenzao: kwamba ardhi itarudi kwa wenyewe, kwamba anayeondoka na aondoke salama. Bi Mwanaisha aliwaambia wanunue nakala au wampishe mwenye kununua. Wakacheka, wakabaki.

Nilitaka Mutua asiondoke. Leo naweza kuliandika hili kwa urahisi. Wakati ule sikuweza kulitamka hata kwake. Badala yake nililiandika kwa watu nisiowajua. Katika barua ya Jumamosi, nilipokuwa nikiripoti treni zilizopita, niliongeza kwamba huenda stesheni ya Mackinnon Road ikafungwa, kwani familia ya mkuu wake inafikiria kuhama. Majibu yalikuja mengi kuliko siku zote, ya kusikitika. Kisha lilikuja la Henning, lililokuwa na sentensi moja ya kanuni yetu: stesheni haifungwi wakati ndani yake imesimama treni. Hakuongeza neno. Wiki ile ile treni zikaanza. Zilitoka kwa kila mwanachama, zikapitishwa haraka haraka hadi Samburu kwangu, na kutoka kwangu kwenda kwa Mutua; na huko zikakwama, kwa sababu jirani wa mbele ya Mutua alikuwa Henning, na kila Mutua alipomwuliza kama njia i wazi, Henning alijibu kwamba samahani, haiko wazi. Mara theluji imefunika reli. Mara ng'ombe wa askofu wamelala njiani na askofu mwenyewe hajapatikana. Mara mpiga kengele wa stesheni anaoa. Nilizichapa barua hizo, nikazikunja mfukoni, nikapanda baiskeli hadi shambani, nikazisoma kwa sauti, na Mutua akacheka mpaka akashika ukingo wa meza.

Kwa desturi yetu treni iliyopokelewa lazima ionekane relini, basi kila iliyofika Mutua aliitengenezea mabehewa. Alikata maboksi, akapaka rangi, akachonga magurudumu. Reli za pembeni zikajaa, akaongeza nyingine, zikajaa. Behewa la samaki la Kanada alilitia dagaa wa kweli hadi mama yake akalitoa nje. Wiki zilipita, na familia haikuhama. Kule ng'ambo walihesabu huo kuwa ushindi. Nilisoma barua zao na moyo wangu ukainuka pamoja nao, mimi niliyekuwa nikimwona Mzee Kioko kila jioni akitembea katikati ya mahindi, akimenya hindi moja kwa kidole gumba, akilibonyeza punje, akilifunika tena. Alikuwa anangoja yakauke. Hakuna treni iliyomzuia. Alikuwa mkulima, na mkulima haachi mahindi mabichi. Jambo hilo lilikuwa mbele ya macho yangu, na nafikiri kwamba Mutua alilijua tangu mwanzo, ila kila nilipofika na karatasi mfukoni aliniachia nisome hadi mwisho.

Jioni moja nilifika na treni mbili kwa pamoja. Nilimkuta hajakata boksi lolote. Amekaa juu ya gunia, mikono magotini. Nikaanza kusoma kisingizio kipya cha Henning, kilichokuwa kirefu na kizuri, na nilipomtazama sikumwona akicheka. Nikamuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Wao wanatuma treni, Rashidi, ni watu wema. Wewe unaleta, wewe ni mwema zaidi. Lakini mimi nalala na viatu miguuni. Baba analala mlangoni. Mama amekwisha funga vyombo, anapikia sufuria moja. Ukisoma pale kwamba nisiondoke, unajua unaniambia nikae wapi?"

Nilitazama miguu yake, na kweli alikuwa amevaa viatu vya shule, vile vyeusi vya kufunga kamba, ndani ya nyumba ambamo siku zote tulikaa pekupeku. Mama Mutua akatuita kula. Tulikula muthokoi katika sahani za kuazima, na hapana aliyenitania. Mzee Kioko alinisogezea kipande cha nyama bila kunitazama. Niliporudi Ukunda niliandika kwamba treni zote mbili zimepokelewa, maana Mutua aliniambia niandike hivyo, na wote wakafurahi.

Mahindi yalikauka. Siku ya kuhama niliijua kabla ya kufika, kwa sababu barabarani nilipishana na lori lililobeba mzigo wa kwanza wa magunia, na Mzee Kioko amekaa mbele na dereva. Aliniinulia mkono kama mtu anayesimamisha kitu, kisha akaushusha. Mfukoni nilikuwa na barua ya treni moja tu. Ilikuwa ya yule mama wa Wales, treni ya abiria aliyoichora kwa maneno tangu injini hadi mapazia ya madirisha, na mwishoni ameandika kwamba angependa sana imfikie Mutua yeye mwenyewe. Uani nilimkuta Mama Mutua amekaa juu ya godoro lililokunjwa, kisu cha kuchinjia mkononi, akiwapa kuku punje za mwisho. Nilimwamkia, akaitikia, akanielekeza kwa kidevu nyuma ya nyumba. Kutoka huko ulisikika mlio wa misumari ikichomolewa. Walikuwa wanang'oa mabati. Mackinnon Road kulikuwa na kiwanja kando ya hoteli ya mjomba, na nyumba mpya ilihitaji paa, basi paa lilikuwa linakwenda pamoja nao. Vijana wawili wa jirani walikuwa juu, Mutua akipokea chini. Bati la mwisho la chumba cha mahindi lilipoteremka, tuliingia ndani pamoja bila kuambiana.

Jua lilikuwa mezani. Kwa miezi yote ile tulikuwa tumeiona stesheni kwa mwanga wa dirisha dogo na wa taa ya chemli, na rangi tulizichanganya kwa mwanga huo. Sasa kila kitu kilionekana kilivyo: jina la biskuti lilisomeka chini ya rangi ya kuta, gundi ilikuwa imevimba kama usaha kwenye viungo, tangi la maji lilikuwa kopo la maziwa. Treni za watu wa mbali zilikuwa zimebanana kwenye reli za pembeni, maboksi juu ya magurudumu yaliyopinda. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyodhani. Reli kuu peke yake ilikuwa tupu, kutoka Samburu yangu moja kwa moja hadi mbele ya paa lile lililoinama, spoki zake zikimeta hata ukashindwa kuzitazama. Mutua alisimama upande wake, nami kwa mazoea nikajikuta nimesimama wangu. Nilitoa barua, nikaisoma yote, pamoja na mapazia. Kisha, kwa kuwa ndivyo tulivyofanya siku zote, na kwa kuwa sikujua jambo jingine la kufanya, nilimwuliza kama njia i wazi.

Akaitazama reli ile tupu kwa makini, kama kanuni ilivyotaka, kutoka mwanzo hadi mwisho.

"Haiko wazi," akasema. "Waandikie hivyo hivyo, Rashidi. Usiwapambie."

Alitoka kwenda kumsaidia mama yake kuliinua godoro. Mimi nilibaki kidogo chumbani, juu yangu hakuna kitu, vijana wale wakiwa wamehamia kwenye mabati ya jikoni. Halafu nikapanda baiskeli, nikafika ofisini Bi Mwanaisha akiwa anafunga pazia, nikamwomba aniachie simu kidogo. Nilikaa mbele ya kioo, kisanduku kikalia na kukoroma, na nikaandika kwamba stesheni ya Mackinnon Road imeulizwa na imejibu kwamba njia haiko wazi. Waliniuliza kwa nini, mmoja baada ya mwingine, wiki hiyo na iliyofuata. Henning aliandika kwamba theluji yake imeyeyuka, kwamba sasa yuko tayari kuzipokea zote. Niliwajibu wote sentensi ile ile.